Mtoto wa Mbwa Katika Nyumba ya Kupanga

Lengo la somo: Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza kuamua kama hali ya makazi yake inaruhusu kufuga mbwa, kumnunua mtoto wa mbwa bila kudanganywa, kumfundisha kujisaidia mahali panapostahili, na kuilinda familia yake na majirani dhidi ya madhara yanayoweza kuzuilika.

Utangulizi

Maelekezo mengi ya ufugaji wa mbwa yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye nyumba yake, uzio wake na bustani yake. Wasomaji wetu wengi hawaishi hivyo. Katika Kata ya Mwankoko, Manispaa ya Singida, kama ilivyo katika kata nyingi za pembezoni mwa miji yetu, familia hupanga chumba kimoja au viwili katika nyumba yenye kaya kadhaa. Ua ni mmoja, choo ni kimoja, bomba ni moja, na kamba ya kuanikia nguo ni ya wote. Mbwa anayeletwa katika ua kama huo anakuwa jambo la nyumba nzima, hata kama amenunuliwa na mpangaji mmoja.

Ili tufuatane vizuri, tutatumia mfano mmoja tuliouunda kwa ajili ya somo hili; si kisa cha mtu fulani. Tuchukulie kwamba familia ya baba, mama na watoto wawili imepanga vyumba viwili huko Mwankoko, katika nyumba ya kaya nne. Kuku wao wameibwa mara mbili. Siku ya mnada baba anakutana na mtu mwenye boksi lenye watoto wa mbwa watatu. Anaambiwa ni wa mbegu ya Kijerumani, wana miezi miwili, na wameshachanjwa chanjo zote. Bei inapunguzwa mbele ya macho yake. Jioni anafika nyumbani na mmoja ndani ya kikapu, na watoto wanashangilia.

Hadi hapo baba huyu amekwisha kufanya makosa manne, na mbwa bado hajakojoa sakafuni. Hakumuuliza mwenye nyumba, hakuzungumza na majirani, hakupiga hesabu ya matunzo, na hakudai uthibitisho wa chanjo. Tutayapitia moja baada ya jingine.

1. Kabla ya kununua: ruhusa, ujirani na mfuko

Soma mkataba wako wa kupanga. Ukikuta kifungu kinachokataza mifugo au wanyama, kifungu hicho kinakufunga kwa kuwa umekitia saini. Mkataba ukiwa kimya juu ya jambo hili, usichukulie ukimya huo kuwa ni ruhusa. Mwombe mwenye nyumba akubali kwa maandishi: mstari mmoja chini ya mkataba wenye tarehe na saini ya pande zote mbili unatosha. Wapangaji wengi hulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Mgogoro ukitokea katika mwezi wa pili, fedha imekwisha kulipwa na mpangaji ndiye anayebaki mahali pabaya.

Zungumza na majirani kabla mbwa hajafika. Waulize nani ana mtoto mchanga, nani anaamka alfajiri kwenda kazini, nani ana kuku. Uliza pia kwa adabu juu ya imani zao. Kwa Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi, ambao ni wengi katika nchi yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Jirani wa namna hiyo si mkorofi anapoomba mbwa asikaribie ndoo zake, mkeka wake wa kuswalia au nguo zake zilizoanikwa. Ana haki ya kuishi kwa amani katika ua anaoulipia. Makubaliano yanayofanywa mapema hukaa. Yanayofanywa baada ya ugomvi huvunjika haraka.

Kisha piga hesabu. Mbwa anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka kumi au zaidi. Tuseme chakula chake kinagharimu shilingi 700 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 hiyo ni shilingi 21,000, na kwa mwaka ni shilingi 255,500, kabla ya chanjo, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, mkanda wa shingoni na matibabu. Chukua daftari, weka bei halisi za eneo lako badala ya mfano wetu, ujumlishe. Ukiona jumla hiyo itagusa ada ya shule au chakula cha watoto, jibu umekwisha kulipata. Mara nyingi bei ya kumnunua mtoto wa mbwa ndiyo sehemu ndogo kuliko zote katika gharama za kumfuga.

Mwisho, jiulize nani atakuwa nyumbani. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kufungiwa chumbani tangu saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kama watu wazima wote wanashinda kazini au shambani na watoto wako shuleni, ahirisha jambo hili, au uanze wakati wa likizo.

2. Wakati wa kununua: usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya kufikisha wiki nane. Anayetengwa mapema hukosa maziwa, na hukosa pia mafunzo anayopewa na mama na ndugu zake ya kutouma kwa nguvu. Ukiweza, nenda mahali alipozaliwa, umwone mama, uone anavyolishwa na anavyopokea wageni. Mama mwenye woga uliokithiri au ukali usio na sababu ni onyo kwa mnunuzi.

Mkague kwa mwanga wa mchana. Macho na pua yawe safi, bila usaha. Tumbo lisiwe limefura kama ngoma huku mbavu zinaonekana, kwa kuwa hiyo ni dalili ya kawaida ya minyoo. Inua mkia uangalie kama kuna alama za kuharisha. Pekua ndani ya masikio na katikati ya vidole kutafuta kupe na viroboto. Mweke chini uone anavyotembea. Mtoto wa mbwa mzima hukufuata, hunusa na hucheza. Aliyelala tu wakati wenzake wanacheza huenda ni mgonjwa, wala si kwamba ana tabia ya upole.

Tahadhari na madai ya mbegu. Masikio ya mbwa wa Kijerumani huanza kusimama akiwa na miezi kadhaa, kwa hiyo muuzaji anaweza kumwita mtoto yeyote mweusi mwenye madoa ya kahawia jina hilo, na mnunuzi hatakuwa na namna ya kumpinga siku hiyo. Kama muuzaji anadai bei ya juu kwa sababu ya mbegu, akuoneshe wazazi wote wawili. Kwa kazi ya kubweka mgeni anapoingia uani, mbwa wetu wa kienyeji anatosha kabisa. Amezoea jua letu, hali chakula kingi, na gharama yake ni nafuu.

Dai kadi ya chanjo. Kadi ya kweli huonesha tarehe, jina la chanjo, namba ya toleo, na jina, saini au mhuri wa mtaalamu aliyeitoa. Katika mfano wetu muuzaji alisema mtoto wa miezi miwili ameshachanjwa “zote”. Kauli hiyo peke yake ingemtosha baba kuondoka. Chanjo za watoto wa mbwa hutolewa kwa awamu, na chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa anapofikisha miezi mitatu. Katika kampeni huweza kutolewa mapema zaidi. Hakuna mtoto wa miezi miwili aliyekamilisha zote.

Andikeni hati fupi ya mauziano: majina, tarehe, bei, umri na rangi ya mbwa, na mambo yote ambayo muuzaji ameyathibitisha kwa mdomo. Muuzaji mwenye biashara atoe risiti. Anayekataa kuandika kile anachokisema amekuonesha thamani ya maneno yake.

3. Chanjo, minyoo na chakula

Wiki ya kwanza mpeleke kwa daktari wa mifugo au umwite afisa mifugo wa kata. Utahitaji mambo matatu.

La kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Takribani wanne kati ya kila kumi ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ya mbwa ndiyo ngome ya kwanza ya familia, na katika nchi yetu huhuishwa kila mwaka. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba, na katika kipindi hicho halmashauri nyingi hufanya kampeni za kuchanja. Sikiliza matangazo ya mtaa wako.

La pili ni chanjo ya magonjwa ya watoto wa mbwa, hasa parvo na distempa. Chanjo hizi huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu hadi nne mpaka mbwa afikishe takribani wiki 16. Parvo husababisha kutapika na kuharisha damu, na huweza kuua kwa siku chache. Virusi vyake huweza kukaa katika udongo kwa miezi mingi. Kwa hiyo, kama mtoto mwingine wa mbwa alikufa kwa kuharisha damu katika ua huo mwaka huu, usilete mwingine kabla hajakamilisha awamu zake za chanjo.

La tatu ni dawa ya minyoo. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa na minyoo iliyotoka kwa mama. Hupewa dawa kila baada ya wiki mbili hadi wanapofikisha miezi mitatu, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi na huhitaji wiki kadhaa ardhini kabla ya kuweza kuambukiza. Ndiyo sababu kinyesi kiondolewe siku ileile. Mtoto wa binadamu anayecheza mchangani na kutia mkono mdomoni anaweza kuyameza, na minyoo hiyo huweza kudhuru hata macho.

Unaponunua chanjo au dawa, angalia jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Chanjo huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi. Chupa inayotolewa mfukoni au juu ya rafu yenye joto isikubaliwe, hata kama tarehe yake haijapita. Chanjo iliyoharibika haioneshi kwa rangi, na mnunuzi huondoka akiamini kuwa mbwa wake analindwa.

Kuhusu chakula, ugali mtupu haumtoshi anayekua. Uchanganye na dagaa waliochemshwa, maharage yaliyoiva vizuri au mabaki ya nyama. Usimpe vitunguu, vitunguu saumu, chokoleti, zabibu wala pombe. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali na huweza kutoboa utumbo. Mapafu na maini mabichi ya machinjioni yapikwe kwanza, kwa kuwa huweza kumwambukiza mbwa tegu ambaye baadaye humdhuru binadamu.

Zaidi ya yote, usimlishe mbwa unga wa mahindi yaliyoota ukungu kwa kudhani kwamba “ni wa mbwa tu”. Sumukuvu huua mbwa kama inavyoua watu, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara. Mahindi yasiyomfaa mtu hayamfai mbwa.

4. Kumfundisha kujisaidia

Samaki mkunje angali mbichi. Mafunzo haya huanza saa ileile mbwa anapofika, hata kabla hajaoneshwa mahali pa kulala.

Elewa kwanza uwezo wake. Mtoto wa mbwa anaweza kuzuia haja, wakati wa mchana, takribani saa moja kwa kila mwezi wa umri wake. Wa miezi miwili ana saa mbili, nazo ni kwa shida. Anayekojoa sakafuni baada ya saa tatu hajakuasi. Mwili wake umeshindwa.

Chagua mahali pamoja. Katika ua wa pamoja, kubalianeni kona iliyo mbali na bomba, jiko na kamba za nguo. Kama kona haipo, au kama unaishi ghorofani jijini, tengeneza sanduku la mbao au tumia beseni pana, ujaze mchanga, na uliweke barazani au karibu na mlango. Mchanga ubadilishwe mara kwa mara. Usihamishe mahali hapo bila sababu, kwa kuwa mbwa hujifunza kwa pua: harufu ya jana ndiyo inayomkumbusha leo.

Fuata ratiba. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi mitatu tunapendekeza hivi:

- Saa 11:30 alfajiri: mbebe hadi mahali pake kabla ya shughuli nyingine yoyote. Ukimwacha atembee, atakojoa njiani.
- Saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 12 jioni: chakula. Mtoe dakika 10 hadi 15 baada ya kila mlo.
- Kila anapoamka usingizini na kila anapomaliza kucheza: mtoe.
- Katikati ya nyakati hizo: usipitishe saa mbili.
- Saa 2 usiku: ondoa chombo cha maji. Mchana kutwa maji yawepo daima. Singida ni nchi kavu na mtoto wa mbwa hupungukiwa maji upesi.
- Saa 4 usiku: mtoe kwa mara ya mwisho.
- Saa 8 usiku: mtoe mara moja, kimya kimya, bila kucheza naye wala kuwasha taa nyingi.

Ukifika mahali pake, sema neno moja, kila siku lilelile, mfano “haya, kojoa”, kisha usubiri. Akimaliza, msifu papo hapo na umpe kipande cha dagaa. Zawadi ikichelewa hata nusu dakika hataihusisha na tendo lake.

Akikosea mbele yako, piga kofi moja la mikono ili kumshtua, mbebe hadi mahali pake, na umsifu akimalizia huko. Ukikuta amekosea zamani, safisha na unyamaze. Desturi ya kumsugua pua katika mkojo au kumchapa haifundishi usafi. Inamfundisha kwamba kujisaidia mbele ya mtu ni hatari, na matokeo yake ataanza kujificha chini ya kitanda. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama.

Watu wote wa nyumbani wafuate utaratibu mmoja. Bandika ratiba mlangoni na mgawane zamu. Mtoto wa miaka minane anaweza kuwa msaidizi, lakini mtu mzima ndiye mwenye wajibu. Mbwa wengi huwa wamezoea wanapofikisha miezi minne hadi sita. Makosa machache hubaki. Aliyekwisha kuzoea akianza tena ghafla kukojoa ovyo, mpeleke kwa daktari kabla ya kumlaumu.

5. Kusafisha sakafu ya saruji

Saruji isiyo na vigae hunywa mkojo na kuhifadhi harufu, na harufu hiyo humwita mbwa arudie palepale. Kausha kwanza kwa tambara, osha kwa maji na sabuni, suuza, kisha pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa. Usimwage dawa ya klorini moja kwa moja juu ya mkojo, hasa katika chumba kisicho na dirisha kubwa. Mchanganyiko huo hutoa hewa inayodhuru mapafu. Klorini ina kazi yake, kwa mfano baada ya ugonjwa wa parvo, lakini itumike baada ya sakafu kuoshwa na kusuuzwa, milango ikiwa wazi.

Kinyesi kizolewe kwa koleo dogo na majivu, kisha kifukiwe au kitupwe katika choo cha shimo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo ushauri wa vitabu vya nje wa kutembea na mifuko hiyo hautufai. Tambara la kudekia mbwa lisichanganywe na la jikoni, wala chombo chake kisioshwe kwenye bomba la pamoja bila makubaliano.

6. Kelele, meno na kuku wa jirani

Usiku wa kwanza atalia, kwa kuwa hajawahi kulala peke yake. Weka boksi lake lenye tambara karibu na kitanda chako kwa siku chache, kisha ulisogeze kidogo kidogo kuelekea mahali pake pa kudumu. Waarifu majirani mapema kwamba kutakuwa na siku tatu nne za kelele. Jirani aliyearifiwa huvumilia. Asiyearifiwa huenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mzoeshe kubaki peke yake kwa hatua: dakika tano, kumi, nusu saa. Usimfunge kwa mnyororo mfupi mchana kutwa ukidhani atakuwa mkali. Mbwa wa namna hiyo huwa na hofu, na mwenye hofu humuuma yeyote, pamoja na mtoto wa nyumbani.

Kati ya miezi mitatu na sita meno hubadilika na atatafuna kila kitu. Inua viatu, nyaya za umeme na sabuni. Mpe kipande cha kamba nene iliyofungwa fundo.

Kuhusu kuku, hapa kwetu jambo hili ni zito. Kuku wa kienyeji wa Singida ni jina na ni kipato. Jirani akipoteza matetea wawili amepoteza fedha ya shule. Tangu siku ya kwanza, mpitishe mbwa karibu na kuku akiwa amefungwa kamba, na umpe zawadi kila anapowatazama bila kuwakimbilia. Akifanikiwa kuua kuku mmoja, tabia hiyo ni vigumu sana kuing’oa. Mlipe jirani siku hiyohiyo bila mabishano.

Mbwa jike hupata joto la kwanza kwa kawaida kati ya miezi sita na mwaka, na mimba huchukua takribani siku 63. Zungumza mapema na daktari wa mifugo kuhusu kumhasi dume au kumfunga kizazi jike. Wengi wa watoto wa mbwa wanaotupwa kwenye majalala walizaliwa kwa sababu jambo hili liliachwa lijiamulie lenyewe.

7. Mtu akiumwa na mbwa

Sehemu hii isomwe kwa sauti mbele ya watoto.

Meno ya mbwa yakipenya ngozi, au mate yakigusa kidonda, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Usipake masizi, mafuta ya taa, pilipili wala dawa ya mitishamba. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaelezwe mahali chanjo inapopatikana, na ukamilishe sindano zote kwa tarehe ulizopangiwa. Mbwa akiwa anafahamika, asiuawe. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10 chini ya usimamizi wa afisa mifugo, maana afya yake itampa daktari taarifa muhimu. Lakini mgonjwa asisubiri siku hizo ndipo aende kutibiwa.

Waambie watoto kwamba wakiumwa au kukwaruzwa, hata na mbwa wao wenyewe, waseme mara moja na hawatachapwa. Dalili za ugonjwa huu kwa kawaida hujitokeza baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, na mtoto aliyeficha jeraha kwa hofu ya fimbo ndiye anayepotea. Katika familia ya mfano wetu, mbwa aliletwa kuwalinda kuku. Mtoto ni zaidi ya kuku.

8. Haki yako ikikiukwa

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ukigundua kuwa kadi ya chanjo ni ya kughushi, hifadhi kadi, hati ya mauziano na ujumbe wa simu, na uombe maelezo ya maandishi ya daktari wa mifugo. Mwendee muuzaji kwanza na shahidi. Asiporidhia, peleka lalamiko ofisi ya mtaa au kata, na Tume ya Ushindani. Lalamiko kuhusu mwenendo wa mtaalamu wa mifugo hupelekwa Baraza la Veterinari. Na kuhusu dawa au chanjo bandia, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kumbuka kwamba wewe nawe una wajibu: mbwa wako akimjeruhi mtu au kuharibu mali, unaweza kudaiwa fidia.

9. Ikishindikana

Wapo watakaojaribu kwa uaminifu na kushindwa: mwenye nyumba amebadilika, mtoto amepata pumu, kazi imehamia mkoa mwingine. Hakuna aibu katika kukiri hivyo. Aibu ni kumwachia mbwa barabarani usiku. Mtafutie mwenye eneo, umkabidhi pamoja na kadi yake ya chanjo, ueleze tabia zake kwa ukweli, na umtembelee mara moja. Na kama umesoma somo hili lote ukaona kwamba vyumba vyako viwili havitoshi, komeo imara katika banda la kuku huenda likakufaa zaidi mwaka huu. Somo litakuwa limefanya kazi yake.

Maswali ya kujipima

1. Je, ruhusa ya mwenye nyumba ipo kwa maandishi?
2. Jumla ya gharama kwa mwaka, kwa bei za eneo lako, ni shilingi ngapi?
3. Muuzaji anasema mtoto wa wiki nane amemaliza chanjo zote. Kwa nini kauli hiyo si ya kweli?
4. Umerudi nyumbani ukakuta mkojo uliokwisha kukauka. Utafanya nini, na utaacha kufanya nini?
5. Mtoto wako ameumwa kidole na mbwa wa nyumbani. Taja hatua ya kwanza na muda wake.

Ukiweza kujibu maswali yote matano bila kurudi nyuma, sasa zungumza na majirani zako.